Kiko cha Lovrenc

Ubao wa mbele wa mzinga wa tatu umechorwa dubu
aliyebeba jeneza la mwindaji. Rangi imebabuka,
dubu kabaki na mguu mmoja,
na nyuki hupita chini ya mguu huo
kwenda kazini.

Hapo ndipo Lovrenc aliposimama kila Juni,
kiko mdomoni, uso wazi, bila wavu,
akipuliza taratibu, kama mtu anayenong'ona
jambo ambalo mkewe hajapata kuambiwa.
Mkewe ni mimi. Najua nisemalo.

Miaka thelathini na minane ya tumbaku ile,
tamu kidogo, kama plamu iliyosahauliwa jikoni.
Nyuki walitulia kweli. Walizama ndani ya masega
wakajaza matumbo asali, kama watu waliosikia king'ora
wakakumbuka unga.
"Unaona?" husema kwa pembe ya mdomo. "Wanaipenda."
Alidhani hata mimi naipenda.

Mjukuu wetu Zalka karudi toka Ljubljana na neno: nikotini.
Kalitua mezani kando ya supu.
Zamani, Bibi, watu waliichemsha tumbaku
wakanyunyizia vidukari, vikafa.
Na nyuki naye ni mdudu.

Gašper, jirani, alitafuna mkate kwa hasira.
Babu yake alivuta, baba yake alivuta,
na asali ilipimwa kwa ndoo!
Nikamjibu, ndoo haihesabu waliokufa.
Kisha nikanyamaza,
maana hata mimi sikuwa nimewahesabu.

Basi Jumanne, theluji imebaki vileleni tu,
nikatandika shuka mbili nyeupe, za harusi,
moja chini ya mzinga wa dubu, moja chini ya mwenziwe.
Mwenziwe nikampulizia kwa bomba la bati:
kuvu la mti lililokauka, basi.
Wa dubu, kwa kiko.

Sikuwa nimewahi kukitia mdomoni.
Pale meno yake yalipochimba, yangu yakatua.
Pumzi tatu, kama alivyozoea.
Nikakohoa, na kikohozi nikakitambua:
ni chake, kile cha alfajiri,
cha majira ya baridi ya mwisho.

Shuka ya kuvu: wawili. Wakaruka papo hapo.
Shuka ya tumbaku: kumi na mmoja,
miguu juu, wakijizungusha
kama funguo ndani ya kufuli lisilo lao.
Zalka akaandika. Gašper akavua kofia, akaivaa tena.
Kufikia saa sita tisa wameamka,
wanajipangusa vipapasio kama watu wanaotoka kwa kinyozi.
Wawili hawakuamka.

Sasa niambie, wawili ni wengi?
Mzinga una elfu arobaini. Nyuki wa kiangazi
huishi wiki sita tu, na huenda hao
walikuwa na miadi Jumanne hiyo hiyo,
moshi uwepo usiwepo.
Zalka asema mara moja si utafiti.
Gašper asema wawili si msiba.
Mimi niliwaweka kiganjani:
sijapata kuzika kitu chepesi hivyo.

Fuata nyuki ule asali, husemwa.
Hakuna aliyesema nyuki anapata nini
kwa kufuatwa.

Tangu siku ile natumia kuvu.
Si kwamba nimepata jibu. Kifua changu kimegoma,
na kosa la kuvu, kama lipo, halina jina la mtu wangu.

Kiko nilikiacha kwenye kizingiti cha dirisha.
Jumamosi akaja nyuki mmoja, akakizunguka,
akaingia ndani ya bakuli lake jeusi,
akakaa muda wa Baba Yetu moja,
akatoka ana masizi mgongoni.
Sijui alifuata plamu, au alifuata nini.
Nilibana pumzi
mpaka akaruka.